Kusomea Ualimu Huku Unalea na Kulima

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Ukata)

Tunajua wengi mmetoka shambani moja kwa moja, na miguu bado ina udongo. Kaeni vizuri. Wenye watoto wadogo wasione haya mtoto akilia. Tutapaza sauti.

Leo tuna jambo moja. Madarasa yetu ya kisomo yanahitaji walimu. Waliokuwa wakifundisha zamani wamezeeka, wengine wamehama, wengine wametangulia mbele ya haki. Na watu wasiojua kusoma bado wapo. Hatuna haja ya kwenda mbali kuwatafuta, ni jirani zetu. Siku ya kupeleka kahawa kwenye chama cha ushirika wanapewa stakabadhi, wanaikunja, wanaitia mfukoni, na hawajui imeandikwa kilo ngapi. Wakifika nyumbani wanamwita mtoto awasomee. Mtoto akiwa hayupo, stakabadhi inakaa mfukoni mpaka inachakaa.

Sisi wa elimu ya watu wazima tumeona kwamba mwalimu mzuri wa watu hawa ni yule aliyepita njia hiyo hiyo. Ni ninyi. Ninyi mnakumbuka jinsi herufi zinavyomchezea mtu mzima. Mnakumbuka aibu ya kushika kalamu kwa mkono uliozoea jembe. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka saba amekwisha kusahau. Anashangaa tu kwa nini mwenzake haelewi.

Lakini kujua kusoma peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwalimu. Lazima aisomee kazi hiyo. Ajifunze kuandaa somo, kuandika ubaoni kwa mwandiko unaosomeka, na kumsahihisha mtu mzima bila kumvunjia heshima. Mafunzo yanataka muda, na hapo ndipo neno linapokwama. Tulipopita nyumba kwa nyumba, majibu yalifanana. "Ningependa, lakini nina watoto." "Ningependa, lakini kahawa nani ataichuma?" Mama mmoja alimnyanyua mtoto wake aliyekuwa ananyonya, akasema, "Haya, huyu nimpe nani?"

Swali hilo ni la haki. Kwa hiyo hatukuja hapa kuimba "someni, someni" halafu tupande pikipiki tuondoke. Tumekuja tuhesabu pamoja. Wenye daftari wafungue.

Kwanza tukumbushane kwamba jambo hili si geni. Wazee mlioko hapa mnaukumbuka mwaka 1974. Mwezi wa Novemba mwaka ule chama cha TANU kilikutana Musoma. Kikaamua kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe ameingia shule ifikapo Novemba 1977. Mpango wa kwanza ulikuwa kufika hapo mwaka 1989. Basi ikakatwa miaka 12 kwa uamuzi mmoja. Majengo yalikuwa kazi ngumu lakini inayojulikana, wananchi walifyatua matofali. Tabu ilikuwa walimu. Mwalimu hafyatuliwi.

Vyuo vya ualimu havikutosha. Serikali ikachukua vijana waliomaliza Darasa la Saba, ikawafundisha ualimu huko huko vijijini. Asubuhi walisimama mbele ya watoto wakafundisha. Baadaye wakakaa wao kwenye madawati yale yale, wakasoma. Walipata masomo ya posta, walisikiliza vipindi vya redio, na wakufunzi waliwapitia kuwaona. Mafunzo yalichukua kama miaka mitatu. Mwishoni waliingia chuoni kwa wiki chache, wakamaliza na mtihani. Waliofaulu walipata cheti cha Daraja C. Watu zaidi ya elfu arobaini katika nchi nzima waliingia katika mpango huo, na wengi wao walifaulu.

Mnajua walivyotaniwa. Watu walisema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mzaha ule ulikuwa na ukweli kidogo na uchungu mwingi. Ni kweli wengine walifundisha leo hesabu waliyojifunza wenyewe jana. Lakini tuwaulize ninyi mlioanza shule miaka ile: nani alikushika mkono ukaandika herufi "a" ya kwanza? Wengi wenu mtamtaja mwalimu wa UPE. Na walimu wale hawakuwa watawa. Walioa, waliolewa, walizaa katikati ya mafunzo. Walilima, kwa sababu mshahara wa mwanzo haukumtosha mtu. Walisoma kwa kibatari, na mafuta ya taa yalikuwa ya foleni.

Tena kabla yao walikuwapo walimu wa kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baada ya hapo madarasa yakafunguliwa chini ya miembe, makanisani, misikitini na kwenye maghala ya ushirika. Waliofundisha wengi walikuwa wa kujitolea, watu wa kijiji waliomaliza shule ya msingi. Posho yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Vitabu vya kisomo vilifuata kazi za watu, na sisi wa huku tulikuwa na chetu cha kahawa. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa 39. Ulipofika mtihani wa mwaka 1986 walikuwa chini ya 10. Wale walimu wa shilingi 30 ndio walioifanya kazi ile. Baadaye fedha zikapungua, madarasa yakafungwa moja moja, na idadi ya wasiojua ikapanda tena. Kwa hiyo tunaposema leo walimu wanahitajika, tunaokota jembe lililoachwa katikati ya shamba.

Sasa tuhesabu. Siku ina saa 24. Hakuna mtu aliyeongezewa, awe waziri au mchoma mkaa. Tuchukue mama mwalimu wa shule ya msingi, ana watoto watatu, na anasoma ili aongeze elimu yake. Tunamjua mama wa namna hiyo katika wilaya yetu, ila jina lake tunaliacha. Anaamka saa 11 alfajiri. Mpaka saa 1 asubuhi anawasha moto, anachota maji, anaandaa watoto. Hizo ni saa 2. Saa 1 asubuhi mpaka saa 9 alasiri yuko kazini, saa 8. Saa 9 mpaka saa 11 jioni yuko shambani au kwenye kuni, saa 2. Saa 11 jioni mpaka saa 3 usiku anapika, analisha, anaogesha, anaosha vyombo, anamsikiliza huyu aliyepigana na huyu aliyepoteza kalamu. Hizo ni saa 4. Akilala saa 4 usiku akaamka saa 11 alfajiri amelala saa 7.

Jumlisheni. 2 na 8 ni 10. Ongeza 2, ni 12. Ongeza 4, ni 16. Ongeza 7 za usingizi, ni 23. Imebaki saa 1. Saa hiyo moja, kutoka saa 3 mpaka saa 4 usiku, ndiyo chuo chake. Na mtoto akipata homa, hata hiyo haipo.

Wengine mtasema, huyo ni mwajiriwa, sisi ni wakulima tu. Hatukubaliani na neno "tu". Mwajiriwa ana Jumamosi. Shamba halina Jumamosi. Mkulima ana kazi ya kutwa kama mtu wa ofisini, isipokuwa yeye hapigi saini ya kuingia na hapewi likizo.

Sasa saa moja ni kidogo? Tazameni. Saa 1 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni saa 5. Kwa wiki 36 ni saa 180. Saa 180 mtu anaweza kujifunza kazi, tena akaijua. Tatizo la saa moja ni kwamba haina mlinzi. Kila mtu nyumbani anaiona kama haina mwenyewe. Mgeni akija anaichukua. Simu nayo, tuseme ukweli, simu inakula saa kuliko mgeni, kwa sababu mgeni huaga.

Yule mama tuliyemtaja alifanya hivi. Aliwaambia watu wa nyumbani kwake kwamba taa ya sola ikiwekwa juu ya meza ndogo, asiitwe ila kwa mtoto mgonjwa au moto. Mwanzoni walimwita kwa kila kitu. "Mama, chumvi iko wapi?" Hakujibu. Chumvi ikaonekana. Mtoto wake wa Darasa la Sita alianza kukaa naye na daftari lake, wakawa wanasoma wawili. Wakati wa kupukuchua maharage, mtoto alimsomea kitabu kwa sauti, yeye anasikiliza mikono ikifanya kazi. Mwaka wa pili mtoto mdogo aliugua malaria wiki ya mtihani. Mama akakosa karatasi moja, akairudia mwaka uliofuata. Hajamaliza bado. Tunamtaja kwa sababu hiyo hasa, maana hadithi za watu waliokwisha kumaliza husahau matope ya njiani.

Na mume wake? Alichukua kazi ya maji. Alifunga madumu kwenye baiskeli, akawa anapita njiani asubuhi mbele ya watu. Vijana wa kijiweni walimcheka. Walimcheka kama wiki mbili hivi, kisha wakazoea, na mmoja wao akaazima baiskeli ile kwa kazi hiyo hiyo.

Hapo tumefika kwa akina baba, na tunaomba msiondoke. Baba mmoja alituambia, "Mke wangu akisomea ualimu ataniona mimi mjinga." Hatukubishana naye. Tulimuuliza stakabadhi zake za kahawa anasomewa na nani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Yeye." Basi mke huyo anasoma tayari, anamsomea mume wake kila msimu, na nyumba haijaanguka.

Tuitazame ngoro. Sisi watu wa Mbinga tunasifiwa mpaka kwa wataalamu wa nchi za nje kwa kilimo cha ngoro. Ngoro imeshika udongo wa milima hii kwa zaidi ya miaka mia moja, mvua inanyesha na shamba halitelemki bondeni. Imefanywaje? Akina baba wanafyeka majani, wanayapanga kwa mistari inayokatizana. Akina mama wanachimba udongo katikati na kuyafukia majani, halafu wanapanda maharage. Kila mmoja ana sehemu yake. Baba akifyeka halafu mama asifukie, hakuna ngoro, ni majani makavu mlimani. Lakini mkitazama vizuri, sehemu ya mama katika kazi hiyo ni ndefu na inainamisha mgongo siku nyingi. Kisha mama huyo huyo anarudi nyumbani kwenye zile saa 4 za jioni. Maoni yetu ni kwamba saa ya kusoma haiwezi kutoka kwenye usingizi wa mama. Itoke kwenye saa za jioni, na mtu wa kuitoa ni baba na watoto wakubwa. Mtoto wa kiume wa miaka kumi anaweza kuosha sufuria. Hajafa mtu kwa kuosha sufuria.

Jambo la pili ni majira. Makosa ya mafunzo mengi ni kupangwa na watu wasiojua shamba. Barua inatoka mjini, inasema mafunzo yaanze Machi. Machi ndiyo ngoro. Au yaanze Julai. Julai watu wako kwenye kahawa, kuchuma, kumenya, kuosha na kuanika, tena baridi ya Mbinga mnaijua, mtu hashiki kalamu vidole vimekufa ganzi. Sisi tumependekeza mafunzo ya walimu wapya yagawanywe mara mbili. Sehemu ya kwanza iwe Aprili na Mei, maharage yakiwa yamekwisha kuota na kahawa haijaiva. Sehemu ya pili ianze kahawa ikikwisha, mwezi wa Oktoba, kabla mvua za kupanda mahindi hazijachanganya. Katikati hapo mtu anafanya mazoezi nyumbani na daftari lake, kidogo kidogo.

Kwa ndugu zetu wa ufukweni, wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ambao tangu mwaka 2012 wana wilaya yao ya Nyasa, majira ni mengine. Kule baba anayevua usipa kwa taa hayupo nyumbani usiku wa giza, na asubuhi analala. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina kazi, naye anapumzika. Kwa hiyo kule darasa la wavuvi lifuate mwezi. Upepo wa mwera ukivuma, mitumbwi haiingii ziwani, basi hapo pia kuna muda. Akina mama wao siku usipa ukiwa mwingi wanaanika mpaka jioni, na mtu asiwapangie somo siku hiyo.

Jambo la tatu ni mtoto mwenyewe. Tuseme wazi. Mama mwenye mtoto wa wiki chache asianze mafunzo. Apumzike, anyonyeshe. Wataalamu wa afya wanasema mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila maji wala uji, na hilo haliwezekani kama mama amekaa mbali kutwa nzima. Akipata nguvu na akitaka kuja, aje na mtoto. Madarasa ya zamani ya kisomo yalijaa watoto migongoni na mikekani, na watu walijifunza. Mkufunzi anayekasirika mtoto akilia, huyo hajui anafundisha nani.

Kwa watoto waliokwisha kuachishwa ziwa, tunarudi kwenye mambo ya wazee. Wamatengo walikuwa na sengu. Watu wa ukoo mmoja walikula pamoja nyumbani kwa babu, wakazungumza habari za shamba na za watoto, na mtoto hakuwa mzigo wa mama yake peke yake. Leo kila nyumba ina sufuria yake na mlango wake umefungwa. Hatusemi turudi nyuma kwa kila kitu. Lakini akina mama wanne wanaosoma wanaweza kuwa na bibi mmoja wa kushika watoto siku za somo. Hapa hapa tulipolitaja jambo hili wiki iliyopita, bibi mmoja alisema, "Mimi macho ya kusoma sina tena. Wanne nitawashika Jumanne na Alhamisi. Ila waje wameshiba, mimi sina unga wa kulisha watoto wa walimu." Maneno hayo ni mkataba mzuri. Kila mama apeleke kibakuli cha unga na kijiti cha kuni, na bibi naye alimiwe kipande chake siku moja kwa mwezi.

Kwa wale wenye ajira, iko sheria. Mnajua kusoma sasa, basi someni haki zenu. Ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwanamke aliyejifungua anapata likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Akizaa mapacha ni siku 100. Asirudishwe kazini kabla ya wiki sita kupita tangu kujifungua, mpaka daktari aseme anaweza. Akirudi, mwajiri ampe muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku katika saa za kazi. Baba naye ana likizo ya angalau siku 3 zenye malipo, na azichukue katika siku 7 za mwanzo tangu mtoto kuzaliwa. Tunawaomba akina baba siku hizo tatu wasizipeleke kilabuni kusherehekea. Sheria imetaja mtoto.

Sheria hiyo inamlinda mwajiriwa. Mwalimu wa kujitolea wa kisomo si mwajiriwa, kwa hiyo kinga yake ni makubaliano yenu ya kijiji. Ndiyo maana tunataka makubaliano hayo yaandikwe kwenye kitabu cha mikutano, yasibaki maneno ya mdomoni. Mkiandika kwamba mwalimu mwenye mtoto mchanga atapumzika miezi kadhaa na mwenzake atashika darasa, iandikwe na tarehe yake.

Tena wapo kati yenu watakaotaka kwenda mbele zaidi ya kisomo. Njia ipo, nayo haikutaki uiache familia. Uingereza walianzisha chuo kikuu cha watu wanaosomea nyumbani mwaka 1969, na wanafunzi wa kwanza walianza mwaka 1971. Watu wa viwandani na akina mama waliamka mapema, wakasoma kwa televisheni na redio kabla ya kazi. Sisi tuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1992. Kina kituo Songea. Zamani kutoka huku kwenda Songea ilikuwa safari ya kufunga chakula. Leo lami ya Songea imefika Mbinga, mtu anakwenda na kurudi.

Halafu kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, na Mbinga kipo. Miaka ya karibuni vyuo hivyo vimepokea wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya kuzaa. Wanakuja na watoto wao, na mahali pa kuwalelea watoto panatengenezwa chuoni. Mama yuko darasani, mtoto yuko chumba cha pili na mlezi. Na tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyezaa arudi hata katika shule yake ya kawaida. Wazazi wenye binti wa namna hiyo nyumbani, na tunajua mpo, msimfiche jikoni.

Sasa tuzungumze posho, maana tunaona nyuso zinauliza. Hatutawadanganya. Posho ya mwalimu wa kisomo ni ndogo, na safari nyingine inachelewa. Mtu asiache kahawa yake akitegemea posho. Anayekuja kwa ajili ya fedha ataondoka mwezi wa tatu, na darasa litabaki na ubao mtupu. Lakini kijiji kinaweza kufanya jambo. Vijiji vingine vimekubaliana kumlimia mwalimu wa kisomo ekari moja kwa zamu, au kumsamehe kazi za mchango wa kijiji. Wengine wanamchangia mahindi wakati wa mavuno. Hilo tunawaachia ninyi na Serikali ya kijiji mlijadili, maana mfuko ni wenu. Maoni yetu ni kwamba kumlimia ni bora kuliko kumchangia, kwa sababu mwalimu anachokosa zaidi ni muda, na ukimlimia umempa muda.

Baada ya mazungumzo watu waliuliza maswali. Tunayaandika machache.

Mzee mmoja aliuliza kama mtu wa umri wake anaweza kuingia katika mafunzo. Tulimjibu kwamba anaweza. Watu wazima wanamheshimu mwalimu mwenye mvi, na yeye hana mtoto wa kunyonyesha. Watu wakacheka, naye akaandika jina lake.

Kijana aliuliza kwa nini tusisome kwa simu tu, kila mtu kwake, tuache mambo ya kukusanyika. Tulisema simu inasaidia. Mkufunzi anaweza kutuma zoezi, na aliyekosa somo akalipata. Lakini kuandika ubaoni mbele ya watu hujifunzi kwa simu. Lazima usimame, mkono utetemeke, wenzako wakuone, kisha siku nyingine usitetemeke.

Mama mmoja aliuliza itakuwaje mume akikataa kabisa. Swali hili liliwanyamazisha watu. Tulimjibu kwamba sisi hatuingii nyumbani mwa watu kwa nguvu. Lakini asijibu peke yake. Amtafute mshenga wake, au baba mkwe, au kiongozi wa dini, azungumze na mume kwa adabu, na ratiba iwe imeandikwa kwenye karatasi ili mume aone ni siku gani na saa ngapi. Wanaume wengi wanaogopa muda usiojulikana mwisho wake. Akiona imeandikwa Jumanne na Alhamisi, saa 9 mpaka saa 11 jioni, miezi miwili, hofu inapungua. Akikataa bado, mama na asubiri sehemu ya pili ya Oktoba, sisi jina lake hatutalifuta.

Mwingine aliuliza vitu vya kuja navyo. Ni daftari moja kubwa, kalamu mbili, na mkeka kwa wenye watoto. Chaki na ubao vipo. Majina yanaandikwa kwa ofisa mtendaji wa kijiji mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Kila anayeandika jina aandike na la mtu atakayemshikia mtoto au kazi siku za somo, mstari mmoja, majina mawili. Akina baba wanaokubali kushika kazi hiyo waje watie saini wenyewe.